Interviu ya ualimu wa materneli hapa Bukavu: vile unapashwa kujitayarisha

Batu mingi banawaza interviu ya materneli (masomo ya batoto badogo, mbele ya primeri) iko mwepesi, juu "ni batoto tu, ni kuimba na kucheza". Hapana kabisa. Mwalimu wa primeri anaweza kujificha kidogo nyuma ya kitabu na tablo, ule wa materneli hana fasi ya kujificha, mutoto wa miaka 3 akichoka na wewe hasemi kitu, anasimama tu anaenda zake ku mulango. Direktrisi anajua ile muzuri. Njo maana maswali yake yote, hata zenye zinasikika kubwa-kubwa za pedagozi, zinarudiaka ku jambo moya: naweza kukuachia batoto 30 saa ine ya asubui, mvua iko inapiga ku manjanja, moya ametapika, mwingine analilia mama yake, mimi niko mu biro na muzazi mwenye amekasirika, na nikirudia nikute bote bazima na wewe haujapiga mutu? Shika ile swali mu kichwa kila saa unajitayarisha, utaona mambo yote ingine inapata fasi yake.

Wakati kwanza. Masomo inafunguaka lundi ya kwanza ya mwezi wa kenda, kwa hiyo ma interviu mingi inafanyika mwezi wa munane, na zingine kidogo katikati ya mwaka kama mwalimu amejifungua ama amehama. Kazi ya materneli haitangazwake sana, inapitaka mu midomo, mwalimu anaambia rafiki yake ku korali, mama moya anasikia fasi banasuka nywele, masere (sista wa Bakatolika) anauliza ku parokia. Basi ambia batu kama unatafuta, usione haya, na dosie yako ikuwe tayari mu farde mbele baite, juu kuna siku simu italia saa kumi na moya ya jioni, "kesho saa mbili ufike", na wewe njo unaanza kukimbia Nyawera kutafuta fotokopi na umeme umeshakatika.

Mu ile dosie tia barua ya kuomba kazi, CV ya kurasa moya ama mbili, fotokopi ya diplomi, karte ya elekteri, atestasyo ya mwenendo muzuri ya komini, ile ya afya, na karatasi ya fasi ulitumika ama ulifanya stazhi. Barua andika kwa mukono hata kama hawajakuambia. Mwandiko wa mwalimu wa materneli ni chombo ya kazi, herufi ya mviringo, safi, yenye mutoto anaweza kuiga, na direktrisi anaangaliaka ile mbele asome maneno. Kama una D6 (diplomi ya mwisho ya sekondari) ya pedagozi muzuri, kama ulitoka ISP (masomo ya juu ya balimu) muzuri zaidi, kama ulisoma komersyali ama biyoshimi usijifiche, sema wazi na uonyeshe kitu yenye ulishafanya na batoto: ekodim (masomo ya yenga ku kanisa), katekisimu, koloni ya vakansi ku parokia. Usitie uongo. Bukavu ni muji mudogo, direktrisi wa Muhumba ana namba ya direktrisi wa Bagira.

Kisha ujue uko naenda kwa nani. Kuna masomo ya serikali, kuna ma konvansyone ya Bakatolika, ya Baprotesta, ya Bakimbangu, ya Bislamu, zenye zinafuata mapatano ya makanisa na serikali ya mwaka 1977, na kuna ma prive agreye ya promoteri (mutu binafsi mwenye masomo, serikali imeikubali). Kwa masere watataka kujua unasali wapi na kama unaweza kuongoza sala ya batoto bila kukwama. Kwa promoteri wa prive watataka kujua Kifaransa yako na vile utapendeza bazazi. Na hapo kuna kitu moya ya kuelewa, juu batu wanaisahau: bure ya masomo yenye ilianza mwaka 2019 ni ya primeri ya serikali, materneli haimo. Mwalimu wa materneli mu masomo mingi analipwa na minervali (feza ya masomo) ya bazazi. Muzazi akikasirika akatoa mutoto wake, ni salere yako njo inapungua. Njo maana watakuuliza sana namna unasemaka na muzazi, zaidi hata ya namna unasemaka na mutoto.

Pita pale siku moya ama mbili mbele ya interviu, saa batoto banatoka kama ni mu mwaka ya masomo. Simama ngambo, ona iniforme yao, ona kama banatoka mu mustari ama banamwagika, ona nani anawapokea. Uliza mama mwenye anauzisha biskwi ku mulango, ule anajua masomo ile kupita enspekteri.

Nenda uone batoto

Hii njo sehemu yenye nitakazia, na njo yenye batu banarukaka. Kama kuna wakati haujakaa na batoto ya miaka 3 mupaka 5 (sheria ya elimu namba 14/004 ya tarehe 11/02/2014 inaweka materneli miaka tatu, na ile njo umri yake), usianze na kukariri majibu. Omba direktrisi ama mwalimu unajua akuache ukae nyuma ya klasi asubui chache. Kama ni vakansi, batoto iko mingi mu parsele, kusanya bale ya majirani, cheza nabo. Angalia kitu moya-moya: mwalimu anawanyamazisha namna gani bila kelele, banaenda ku choo namna gani, nani anabakia peke yake saa ya gute (kula kidogo), mutoto gani anashika krayo na ngumi yote.

Utaona yenye bitabu binasema. Mutoto wa miaka 3 anachora duara, karibu miaka 4 anaanza kuweza mraba, pembetatu inakujaka karibu miaka 5. Wa miaka 3 anacheza kando ya mwenzake zaidi ya kucheza na mwenzake, kila moya na kikopo yake, na ile haiko tabia mubaya. Kukaa kimia kusikiliza mutu muzima, hesabu dakika kumi hivi, kwa badogo hata chini ya pale, kisha mwili unaomba kutembea. Ukimwambia direktrisi kama batoto yako watakaa watulie dakika 45, umeshamuonyesha kama haujawai kukaa nabo. Na ukimwambia "bale badogo nabadilishia kazi mara kwa mara, tunakaa, tunasimama, tunaimba, tunakaa tena", ataandika kitu ku karatasi yake, na ile kitu itakuwa muzuri.

Maswali yenye inarudiaka

"Kwa nini materneli?" Jibu ya "napenda batoto" ni ya kila mutu, wamelisikia mupaka wanachoka. Kila mutu anapenda batoto bakiwa basafi na bameshiba. Sema kitu yenye uliona: labda kuna mutoto ku ekodim mwenye hakusemaka, kisha siku moya akaanza kuimba, na wewe ukaangalia njia yenye alipitia. Kisimulizi kifupi, cha kweli, na ukimalize.

"Siku ya kwanza mutoto analia, anashika nguo ya mama yake." Usiseme "namubembeleza" ukanyamaza. Eleza hatua: unashuka chini mupaka ku macho yake, unamuita kwa jina (uliuliza jina kwa mama mbele), unamuacha aage mama yake waziwazi, mama asitoroke nyuma ya mulango juu mutoto akigeuka asimuone kesho atalia mara mbili, kisha unamupatia kazi ya mikono, kupanga bifuniko bya chupa mu sanduku, kumwagilia maua. Mikono ikitumika machozi inapunguaka. Na unaambia mama saa yenye atarudi kumukamata na umwambie asichelewe ile wiki ya kwanza.

"Mutoto anauma benzake." Hapa wanataka kusikia kama unatafuta sababu. Unatenganisha, unaangalia kwanza mwenye ameumwa, unaosha fasi ile, unaambia mwenye ameuma maneno machache, "hapana, meno inaumiza", bila kumuita mubaya mbele ya benzake. Kisha unafatilia: inatokea saa gani? Akiwa na njaa? Bakinyanganya toy? Mutoto mwenye maneno yake ni kidogo anasema na meno. Unamufundisha kusema "leta" na "ni yangu". Bazazi ya pande zote unaongea nabo siku ile ile, mbele mutoto afike nyumbani na alama ku mukono na mama ajisikilie peke yake.

"Muzazi anakuambia: mwalimu, ule wangu ni mukaidi, mupige tu." Hii iko ya kwetu kabisa na inaulizwaka. Usianze kumuhubiria muzazi. Unamwambia: asante mama kwa kuniaminia mutoto, hapa masomo haturuhusu fimbo, lakini niambie nyumbani anakataaka nini, tushikane mukono. Kama direktrisi anataka msingi, kuna sheria 09/001 ya tarehe 10/01/2009 ya kulinda mutoto, na kuna sababu ingine yenye kila mwalimu anajua: mutoto mwenye anakuogopa hatakuambia kama anataka ku choo.

Ya choo yenyewe watauliza. Mutoto amejikojolea mu klasi, benzake banacheka. Jibu fupi: nguo ya kubadilisha kila mutoto anayo mu mufuko, unamutoa pembeni kimia, unamubadilisha fasi yenye mutu mwingine muzima anaweza kuona kama hakuna kitu mubaya inafanyika, nguo chafu mu sashe, hakuna hotuba. Ukisema ile ya mutu mwingine muzima kuona, watajua unafikiria ulinzi.

Kuna ile ya motari (mwenye anabeba batu na pikipiki), na hii banapenda sana siku hizi. Saa sita motari mupya amefika, haujamuona hata siku moya, anasema "mama wa mutoto amenituma, amekwama ku kazi", na mutoto mwenyewe anafurahi juu anapenda moto. Haumutoe mutoto. Hata akikasirika. Unaita namba ya muzazi yenye iko mu rejista, unangoja sauti yake, unaambia direktrisi. Kama simu haipite, mutoto anabakia. Mwenye anasita ku hii swali anaanguka palepale, na mimi naona ni haki.

Afya: karanga na biskwi zinakabaka batoto. Kama mutoto anakohoa kwa nguvu, muache akohoe. Kama sauti haitoke na hapumue, muinamishe, mapigo 5 katikati ya mabega na kisigino ya mukono, kisha kama haijatoka simama nyuma yake ubonyeze tumbo juu ya kitovu mara 5 kuelekea ndani na juu, na unabadilishana hivyo huku mwingine anaita musaada. Kidole mu koo ya kutafuta bila kuona, hapana. Akishikwa na dege-dege, mulaze kwa ubavu, toa bitu karibu, usitie kijiko mu meno hata koko yako alikuwa anafanya hivyo. Na kunawa mukono na sabuni sema, hapa kwetu kolera inajulikana na mpox imeshapita mu Kivu ya Kusini tangu 2023, hauwezi kuweka sabuni ku mwisho ya orodha.

Tetemeko pia. Wakubwa mu Bukavu banakumbuka ile ya tarehe 3/2/2008, ilikuwa siku ya yenga, masomo ilikuwa batupu, na direktrisi mwenye alikuwa mwalimu ile wakati anajuaka ingekuwa nini kama ilikuwa lundi. Sema unafundisha batoto kwa muchezo: nikipiga mikono tatu, tunaingia chini ya meza na kufunika kichwa, kisha ikitulia tunatoka mu mustari kila moya akishika bega ya mwenzake, na rejista ya apeli iko mu mukono yako, haijabakia ku meza.

Na swali ya batoto benye balikimbia vita. Mu klasi yako unaweza kuwa na mutoto mwenye analala ku bibi yake juu nyumba haiko tena, anaruka akisikia mulango unapigwa. Usijifanye daktari wa akili. Sema kitu yenye mwalimu anaweza: mambo ya kila siku ikuwe ileile, nyimbo ileile ya kuingia, fasi ileile ya kukaa, kumuambia mbele kama kutakuwa kelele, kumuacha achore bila kumulazimisha aeleze, na kuambia direktrisi kama wiki inapita na mutoto hale ama hasemi. Ile inatosha, na inaaminika kupita maneno makubwa.

Kifaransa, Kiswahili na majina ya bazungu

Interviu itakuwa mu Kifaransa mara mingi. Usikariri sentensi ya kilometa moya. Direktrisi anasikia palepale kama ulitoa mu kitabu, na akikukata katikati unapotea. Semesha Kifaransa fupi, safi, kila siku dakika kidogo mbele ya kioo ama ku mutu mwenye hatakucheka. Kisha kuna mutego: "Mutoto wa miaka 3 hajue hata neno moya ya Kifaransa, anasema Mashi na Kiswahili. Unamufundisha mu luga gani?" Mwenye anajibu "Kifaransa tu, mama" akiwaza anapendeza, anajiharibia. Ile sheria ya 2014 inasema Kifaransa ni luga ya masomo lakini inakubali luga za taifa na za fasi zitumike kufundishia. Basi jibu: namupokea mu luga yenye anaelewa, anajua nani mimi na choo iko wapi, kisha Kifaransa inaingia mu nyimbo, mu salamu, mu majina ya bitu vyenye anashika. Mu prive ongeza kama unaelewa bazazi banalipia Kifaransa na kila wiki utawaonyesha maneno yenye mutoto amepata.

Ya nadharia nitapita haraka, juu hawaulizake sana, lakini bale ba ISP ku meza banapendaka jina moya ama mbili. Froebel, Mujeremani, njo alifungua bustani ya batoto mwaka 1837 na kuipatia jina mwaka 1840. Montessori alifungua nyumba yake ya batoto Roma mwaka 1907, bitu vya kushika, mutoto ajifanyie mwenyewe. Decroly, daktari wa Ubelgiji, alifungua masomo yake Bruseli mwaka ule ule 1907, na kwake njo kunatoka ile "santre d'entere" yenye tunafundishia mupaka leo, kila kitu kuzunguka jambo moya ya maisha ya mutoto: chakula, jamaa, nyumba. Huyu mushike muzuri, ukitumika na thema unatumika naye. Piaget wa Uswisi, umri ya miaka 2 mupaka 7: mimina maji ya kikopo kifupi mu chupa refu, mutoto atakuambia imeongezeka. Jaribu na mutoto wa jirani mbele ya interviu, kisha usimulie yenye ulisikia. Kama haujafanya, acha jina lake.

Somo ya kujaribu

Masomo mingi, nyuma ya maneno, wanakuambia fundisha. Wanakupatia thema leo kwa kesho, ama wanakupatia nusu saa palepale. Na ujue mwezi wa munane batoto hawako, utafundisha wakubwa benye banajifanya batoto, direktrisi mwenyewe ataanza kulia ile kilio ya uongo na enspekteri wa zamani atasema anataka pipi. Usicheke ukapotea. Waite kwa jina, shuka chini, "papa yangu mudogo, twende nikuonyeshe mulango". Mwenye anawafundisha kama bakubwa amesha shindwa mutihani.

Tuseme wamekupatia samaki, klasi ya pili, miaka 4. Anza na fishi, ile karatasi ya kupanga somo. Tarehe, klasi, aina ya kazi, thema, vyombo, lengo. Lengo andika na kitendo yenye jicho inaona: "nyuma ya somo mutoto ataweza kuonyesha kichwa, tumbo na mukia ya samaki na kutaja majina yake". Usiandike "atajua" ama "ataelewa", enspekteri atakuuliza umeona kuelewa na macho gani. Bitu bitatu vinatosha. Mwenye anataka kuongeza mapezi, magamba, macho, mifupa na mwisho faida ya samaki mu uchumi ya taifa, huyo anafundisha direktrisi, hafundishi mutoto.

Kisha toka nenda soko ya Kadutu asubui, nunua samaki moya mubichi mwenye anaonekana sehemu zake, na sambaza (samaki badogo ya ziwa) kidogo. Franga kidogo tu. Bale bengine watakuja na picha yenye bamechapisha, wewe unakuja na samaki wa ziwa yetu mu beseni, na kila mutu mu ile chumba ataamuka. Wimbo fupi ya kukusanya batoto, kisha beseni imefunikwa na kitambaa, "ingiza pua, kuna nini?" Wanasikia harufu, wanacheka, wanakisia. Unafunua. Wanagusa. Unauliza mbele ya kusema: huyu anaogelea na nini? Unaonyesha kichwa, moya anakuja kuonyesha, mwingine anakuja. Kisha simameni bote, tuogelee kama samaki mupaka ku dirisha na kurudi (dakika kumi imepita, mwili unaomba). Mukikaa, hesabu: sambaza moya, mbili, tatu, ine. Mukubwa na mudogo. Kwa mwisho kila moya anaonyesha ku samaki ya karatasi yenye ulikata, kichwa iko wapi, mukia iko wapi, na pale njo unajua kama lengo imefikiwa. Kunawa mikono na sabuni bote, na usiite ile mapumziko, ni sehemu ya somo, sema hivyo ku fishi.

Mutoto moya atasema "mwalimu, kwetu tunakula na bugali". Wale wa ku meza watasema hata kwa makusudi. Usimukatae, hajatoka mu somo. "Ndiyo, na bugali! Na kwetu pia. Kabla ya kula mama anatoa nini hapa?" na umerudi ku tumbo ya samaki. Hii njo wanaangaliaka zaidi ya fishi yako yote.

Na mvua. Kama somo yako inafanyika mwezi wa kenda kuendelea, mvua ikigonga manjanja sauti yako haifike hata ku benchi ya pili. Mwenye hajajitayarisha anapiga kelele mupaka koo inakauka. Kuwa na muchezo ya mikono bila maneno, tayari: unafanya alama, banaiga, kidole ku pua, mikono juu, samaki anaogelea. Ile hata kama mvua haikunyesha, itaje saa ya maswali.

Siku yenyewe

Vaa nguo yenye unaweza kuinama nayo na kukaa chini bila kushikilia. Kitenge safi, biatu bifupi, makucha fupi, pete na heleni kubwa acha nyumbani, mutoto anavutaka. Marashi kidogo. Kama unatoka Panzi ama Kadutu hesabu ile msongamano ya Essence na ya Feu Rouge, chukua moto mapema, na kama kuna matope beba biatu vingine mu sashe ubadilishe mbele ya mulango. Salamia sentineli na mama ya usafi kama vile utasalamia promoteri, juu nyuma yako wataulizwa "mulimuona namna gani?" Simu zima kabisa, si vibro.

Na feza. Mwisho watauliza kama una swali, na batu banasema "hapana, asante", kwa haya. Kuwa na maswali. Klasi gani na batoto wangapi, nitakuwa peke yangu ama na musaidizi, program gani mwalimu wa mbele alifika. Kisha, kwa sauti ya kawaida: salere inalipwa na dola ama na franga na kwa tauksi (bei ya kubadilisha dola) gani, tarehe gani, na mwezi wa saba na wa munane inalipwa ama hapana. Hii ya mwisho njo inaumizaka balimu ba prive, miezi mbili bila kitu na hakuna mutu alisema mbele. Ku ma konvansyone ama ku serikali uliza kama iyo fasi iko na namba ya SECOPE, ile sasa wanaita DINACOPE (biro ya serikali yenye inatayarisha mishahara ya balimu), ama utaingia kama nuvele inite (mwalimu mwenye hajaingia ku listi ya kulipwa) wa kungojea, na kama ni kungojea, bazazi banatoa prime (feza ya kusaidia mwalimu) gani katikati. Direktrisi mwenye anakasirika juu ya ile swali amekuambia kitu muhimu sana.

Wakikukubali, uliza karatasi, hata ya kurasa moya, yenye jina yako, klasi, salere, tarehe ya kuanza na sahihi. Na kama sekreteri anaomba diplomi orijinali "abakie nayo mu dosie", unamuonyesha, anailinganisha na fotokopi mbele yako, na orijinali inarudia mu farde yako siku ile ile.